Mama Aliyeponywa Bila Kuulizwa

Mama yangu aliponywa macho katika uwanja mmoja hapa Eldoret, mchana kweupe, mbele ya umati uliojaa hadi kwenye ukuta, na mtu pekee ambaye hakupata habari ni yeye mwenyewe. Mimi nilizipata kutoka kwa mteja. Nilikuwa dukani kwangu, nauza mbegu na dawa za mifugo kama kawaida, mtu akaingia kutafuta dawa ya kupe, na kabla hajataja ng'ombe wake akaniambia hongera. Nikamuuliza hongera ya nini. Akaninyooshea simu. Kwenye simu alikuwa mama yangu, amesimama jukwaani na kile kitambaa chake cha kijani, mkono wa mhubiri uko juu ya kichwa chake, na watu wanarukaruka mpaka picha inatikisika.

Nikafunga duka nikaenda nyumbani Kapsoya. Nilimkuta Mama jikoni, anachambua sukuma wiki kwa vidole, hajawasha taa kwa sababu taa kwake ni mapambo. Nikasimama mlangoni, maana hata mtu wa kukejeli kama mimi, akiona mama yake kwenye video namna ile, kuna kitu ndani kinaruka.

"Mama, umepona?"

"Sijapona," akasema. "Mimi nilikuwa natafuta choo."

Hapo ni lazima nieleze mambo mawili, ugonjwa wa Mama na Kiswahili chake, kwa sababu muujiza wote ulisimama juu ya hayo.

Ugonjwa ni presha ya macho. Si mtoto wa jicho, ule ambao mtu hufanyiwa upasuaji akaamka anashangaa majirani wamezeeka. Huu huiba kutoka pembeni, polepole, kama mtu anayekula keki ya wenyewe akidhani hawataiona imepungua. Jicho la kulia la Mama lilikwisha kabla hatujajua lina shida. La kushoto lilibaki na duara dogo katikati, na kupitia hapo Mama huuona ulimwengu kama anayechungulia kwenye tundu la kufuli. Muuguzi wa kliniki ya macho mjini alituambia bila kuzunguka kwamba kilichopotea hakirudi, na kwamba dawa ya matone, asubuhi na jioni, ni ya kulinda kilichobaki. Ukiacha matone, na hicho kinaenda. Mama aliitikia, akauliza kama matone yanaweza kuwekwa kabla ya kukamua ng'ombe.

Kiswahili nacho alikipata ukubwani, sokoni na kanisani, baada ya kulelewa na lugha nyingine kabisa. Alipokipata alishika neno moja akalipenda kuliko mengine yote, nalo ni "naona". Kila analofikiri huanza hivyo. Naona mvua iko njiani. Naona hii chai imenyimwa majani. Naona huyo kijana anakudanganya, na kweli alikuwa ananidanganya. Macho yalipoanza kuondoka, neno halikuondoka nayo. Nilikuwa namtania kwamba kwa mtu asiyeona anaona mengi mno. Hunijibu kwamba kama sisi wenye macho tungefanya kazi yetu, yeye angepumzika.

Sasa krusedi, ule mkutano wa injili wa uwanjani. Jirani yetu ni mwanamke mwema, na nalisema hilo mapema kwa sababu nilimsema vibaya sana wiki zilizofuata. Wazazi wake walihamia huku kutoka Mkoa wa Kati, yeye akazaliwa huku, akafungua kibanda cha mboga kwenye kona ya barabara yetu, na mboga nzuri kuliko zote humwekea Mama. Aliposikia kuna mhubiri mgeni anakuja na miujiza, akafunga kula kwa ajili ya macho ya Mama, kisha akaja kumwomba waende pamoja. Mama hakuwa na haja ya muujiza. Lakini mtu ameshinda njaa kwa ajili yako, utamwambia una shughuli?

Wakaenda. Wakaketi kwenye viti vya plastiki, jua likawawakia, wakaimba, mhubiri akaanza, na mhubiri mwenyewe hakuwa mtu wa haraka. Mama alikuwa amekunywa chai nyingi asubuhi ile. Alivumilia alivyoweza. Mwishowe akamwinamia jirani akamnong'oneza, kwa heshima, kama mama yeyote wa umri wake angesema mbele ya watu:

"Nina haja."

Na dakika hiyohiyo mhubiri alikuwa ametoka kutangaza kwa kipaza sauti kwamba mwenye haja yoyote asimame aje mbele.

Jirani alitokwa na machozi hapohapo. Akamshika Mama mkono, akamwinua, akampitisha katikati ya watu, na Mama akafuata akishukuru moyoni kwamba jirani anajua njia. Alishangaa kidogo kwamba choo cha huko kina ngazi. Akapanda. Akasikia spika zinanguruma karibu na sikio, akasikia mtu anamshika kichwa, na pale akaanza kushuku. Mhubiri akaomba, umati ukaomba, kisha akamuuliza kwa sauti iliyofika hadi barabarani: "Mama, unaona?"

"Naona," akasema Mama.

Alichotaka kusema ni "naona mmenileta mahali si penyewe". Lakini sentensi yake haikupata nafasi. Neno la kwanza lilitosha. Watu walilipuka, kinanda kikalipuka, wahudumu wakambeba juujuu kumteremsha, na haja yake ikabaki palepale ilipokuwa.

Tulicheka mimi na Mama mpaka nikakaa sakafuni. Tulikuwa bado tunacheka jirani alipobisha hodi na kreti ya soda, amelia hadi uso umevimba. Akapiga magoti pale kwenye maganda ya mboga, akamshika Mama miguu, akamshukuru Mungu kwa jina la kila mtu wa nyumba yetu. Mama alifungua mdomo. Niliona kabisa anataka kumwambia. Kisha akaufunga, akampapasa kichwa, akamwambia ainuke, sakafu ina baridi.

Alipoondoka nilimgeukia Mama, nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema kesho. Kesho yake ikawa kesho tena, maana kila siku jirani alikuja na mtu mpya wa kumwonyesha muujiza, na huwezi kumvua mtu nguo mbele ya wageni wake. Damu ilinichemka. Nilitaka kwenda kumkamata mhubiri kwa tai yake, lakini alikuwa ameshahama kwenda kuponya mji mwingine. Hao watu hawakai mahali wakangoja matokeo.

Basi Mama akaanza maisha ya mtu aliyepona, na naapa yalimchosha kuliko upofu. Zamani alipogonga meza, watu walisema pole. Sasa akigonga meza wanakemea shetani. Zamani walimshika mkono kuvuka barabara, sasa walimwachilia avuke mwenyewe kwa imani, wakimtazama kutoka ng'ambo huku wanatabasamu, na bodaboda zinapita upande wa kulia ambao hana. Siku moja kwenye ushirika wa nyumbani walimpa Biblia asome Zaburi. Akawaambia, "Hii naijua kwa kichwa." Wakadhani ni unyenyekevu. Akaikariri yote, kitabu kimefunguka mbele yake, watu wakalia. Nilichungulia. Kilikuwa kimefunguka kwenye Hesabu, mahali wanapoorodhesha koo.

Lolote alilosema liligeuzwa likawa ushuhuda. Akisema hajambo, ni ushuhuda. Akisema kichwa kinamuuma, ni vita vya kiroho. Dawa ya matone tukawa tunaiweka pazia likiwa limefungwa, kama watu wanaopika pombe haramu ya chang'aa. Mimi nilikuwa nazidi kukasirika, yeye anazidi kunyamaza.

Nataka nieleweke. Mimi ni Mkristo, ingawa wa viti vya nyuma, karibu na mlango. Mama ni wa viti vya mbele katika kanisa letu dogo la mabati, ambako mahubiri huwa juu ya kupanda na kuvuna na kusema kweli, na muujiza mkubwa ni ibada kumalizika kabla ya mvua. Nilimuuliza jioni moja, nikimfuta tone lililomwagika shavuni, kama hana hasira na Mungu. Watu wote wale walimwomba, uwanja mzima, na yeye ndiye aliyepandishwa. Si angeponywa tu, hata kwa heshima ya umati? Mama akasema kwamba miaka yote alipokuwa anaona vizuri hakuwahi kumuuliza Mungu kwa nini anaona, kwa hivyo hajui aanzie wapi kumuuliza kwa nini haoni. Kisha akaniambia nisisahau jicho la pili, kwa sababu hata lililokufa huwekwa dawa lisimuume.

Siku ya kliniki ilipofika tulienda kama wezi. Mama alijifunga shali hadi puani asije akatambuliwa na mtu aliyefika kliniki ya macho kwa bahati mbaya ya kuwa mgonjwa wa macho. Tukaketi kwenye benchi letu la siku zote, Mama akasogea kumwachia Mzee nafasi, na Mzee hakuja.

Huyu Mzee ni mkulima wa viazi wa Timboroa, naye ana ugonjwa uleule. Kwa muda mrefu yeye na Mama walikutana kwenye benchi lile, wakichokozana kwa Kiswahili, maana lugha ya mmoja mwingine haijui. Mzee humwambia Mama kwamba watu wa kabila lake wakipewa maji watayatia maziwa. Mama humwambia kwamba watu wake yeye huchukua kila kitu shambani, wakakitia sufuria moja, wakakiponda, wakasema ni chakula. Nilikuwa naenda kliniki kwa ajili ya matone, lakini Mama, naamini, alienda kwa ajili ya matusi yale. Mzee alikuwa amebakiwa na kidogo kuliko Mama. Yeye tundu lake la kufuli lilikuwa limekaribia kuwa tundu la sindano, na muuguzi alikuwa amemwonya asikose dawa hata siku moja.

Mama alimuuliza muuguzi. Akasema Mzee hajaonekana, na hata mara iliyopita, zamu ambayo sisi tulipangiwa siku nyingine, hakuonekana. Tukatoka nje, tukasimama kando ya lango, nikampigia Mzee simu nikampa Mama, sauti iko wazi nasikia yote.

Mzee alifurahi sana kumsikia. Akamwambia alikuwa anangoja apige. Akasema binti yake alimchezea ile video, na watu wa kanisa lake pale Timboroa walikuwa na mashaka, wengine wakisema hao wanaoponywa huwa wamelipwa waigize, lakini yeye aliwanyamazisha.

"Niliwaambia huyo simjui kwa uso, namjua kwa sauti," Mzee alisema. "Hiyo 'naona' ni ya rafiki yangu wa kliniki. Huyo hawezi kununuliwa."

"Mzee, uliacha dawa?"

"Niliacha siku hiyohiyo. Kama amekufanyia wewe, mimi nikiendelea na dawa si ni kumwambia simwamini?"

"Mzee, mimi sijapona. Dawa naweka mpaka leo asubuhi."

Mzee akacheka, kicheko cha mtu mzima anayemhurumia mtoto.

"Usikane, Mama," akasema. "Walituambia waliopona watajaribiwa mpaka wakane. Shikilia."

Mama akasema tena, na tena, kwa kila namna aliyoijua, na kila aliposema Mzee alimtia moyo. Mwishowe alimwombea kwenye simu, imani yake isitetereke, akakata.

Sijawahi kumwona mama yangu namna ile. Alibaki ameshika simu kifuani, shali imemdondoka, na watu wanapita. Akaniambia nimpeleke nyumbani. Njiani nilisema twende Timboroa moja kwa moja, akakataa. Alisema Mzee haamini alichoambiwa sikioni, anaamini kilichosemwa jukwaani, basi ni lazima kisemwe jukwaani, na simu zilezile zilizompelekea uongo zimpelekee kweli.

Kanisa analosali jirani yetu lilikuwa limemwomba ushuhuda tangu siku ya uwanja, naye alikuwa analikwepa kwa kisingizio cha mgongo, cha ng'ombe, cha mvua. Sasa akaniagiza nimwite jirani. Jirani akaja mbio, akapewa chai, akakalishwa, na Mama akamwambia kila kitu, kuanzia ile haja hadi Mzee. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, nilikuwa nimeyapanga vizuri kabisa kichwani. Sikupata kuyatumia. Jirani alilia kimya, akifuta uso kwa kanga, kisha akamwomba Mama aseme tu amepona kwa imani, ili Mungu asiaibike.

"Mungu anasingiziwa," Mama akamwambia. "Wanamsifu kwa kitu hakufanya, na kuna mtu anapotea kwa sababu hiyo. Naona hiyo ndiyo aibu."

Jirani akaondoka na chai haijapungua. Nikasema moyoni, huyo sasa ameenda kumwambia pasta wake, na Jumapili tutakuta lango limefungwa. Jumapili asubuhi alikuwa mlangoni kwetu, amevaa nguo yake nzuri, macho mekundu. Akamshika Mama mkono. Nikawapeleka wote wawili kanisani kwake kwa pikapu.

Walimpokea Mama kwa vigelegele. Pasta akamtambulisha kama mama aliyekuwa gizani, kinanda kikampigia kitu laini cha chinichini. Jirani akampandisha ngazi, akamwelekeza kwenye kipaza sauti, akabaki amesimama kando yake, na kwa hilo tu nilimsamehe nusu ya mambo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, nimeinua simu, narekodi.

"Bwana asifiwe," Mama akasema. Wakaitikia. "Mimi sijapona."

Mpiga kinanda, maskini, aliendelea kupiga. Hakuna aliyemfundisha wimbo wa mtu ambaye hajapona.

"Ile siku sikusema naona kwa macho. Nilikuwa naanza kusema kitu kingine, mkanisaidia kumaliza. Jicho moja halipo, la pili ni kidogo, na dawa naweka. Mungu hajanikosea. Mimi namwamini vilevile nilivyomwamini. Lakini kuna mzee ametupa dawa yake kwa sababu yangu, na huyo mzee..."

Kipaza sauti kikafa. Sijui nani alikizima, na kwa hasira niliyokuwa nayo ni afadhali sikujua. Mama aliendelea kuzungumza, midomo yake naiona inakwenda, anawaambia Timboroa, anawaambia kliniki, anawaomba watume, na kinanda kimepanda juu. Pasta akachukua kipaza sauti, kikafufuka mkononi mwake, akaomba roho ya shaka imtoke mama yetu. Watu wakanyoosha mikono. Uwanjani kila mtu alikuwa na simu juu. Hapa niliangalia kulia na kushoto, simu ilikuwa yangu peke yangu, na nilipoisikiliza nje, maneno yote ya Timboroa na kliniki yalikuwa kinanda mwanzo hadi mwisho.

Jirani alitufikisha hadi kwenye pikapu yangu. Akamfunga Mama shali vizuri, akasema huko kuna baridi. Hakuuliza tunaenda wapi.

Timboroa ilikuwa na ukungu mzito, viazi vimerundikwa kando ya barabara, wauzaji wamejifunika makoti hadi masikioni. Tuliuliza mara mbili tukaelekezwa. Aliyefungua mlango ni binti yake Mzee, mwanamke wa rika langu, na alipomwona Mama alishika mdomo. Alimtambua kutokana na ile video. Alimkumbatia, akapiga kelele ndani kwa baba yake kwamba Mungu amemleta yule mama mwenyewe hadi nyumbani, akamwambia Mama kwamba wamekuwa wakiomba apate nafasi ya kuja kumwekea mkono. Alimvuta kwa furaha hadi sebuleni. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee alikuwa ameketi dirishani, koti limefungwa vifungo vyote. Aliinua uso, na uso ulielekea kabatini, si kwetu.

"Mzee," Mama akasema. Akamfuata kwa sauti yake, akapapasa kiti, akaketi karibu naye kabisa. Hakutafuta maneno. Alimwambia kwamba hajapona, kwamba siku ile alikuwa anauliza choo, kwamba amelisema kanisani asubuhi hii na wakamzimia sauti, na kwamba hakuja kujaribiwa wala kukana. Amekuja na chupa yake ya matone. Akaitoa kwenye mkoba, akaiweka kwenye kiganja cha Mzee, akamkunja vidole juu yake.

Mzee aliigeuza ile chupa kwa kidole gumba. Aliijua. Hakuna mtu wa ugonjwa ule asiyeijua ile chupa gizani. Binti yake alisimama mlangoni, furaha yote imemtoka, akamtazama Mama kwa namna ambayo nilishukuru Mama haioni. Akaingia jikoni, na hatukusikia sufuria. Timboroa, kwenye ile baridi, wageni wawili wameketi na chai haiwekwi motoni. Nilielewa, na sikumlaumu.

"Wiki ya pili kulianza kuwa giza," Mzee akasema. "Nikajua ndiyo maombi yanaanza kazi. Si walisema giza huzidi kabla ya kupambazuka?"

Mama akaushika ule mkono wenye chupa.

"Mimi nilikuwa nangoja zamu yangu tu," Mzee akaendelea.

"Najua, Mzee. Nisamehe. Ningesema siku ya kwanza."

Mzee akainua sauti kuelekea jikoni, akasema kwa lugha yake kitu kifupi, na baadaye kidogo nikasikia kibiriti. Nikamwambia binti yake, alipokuja na vikombe, kwamba kesho asubuhi nitawapeleka mwenyewe kliniki. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama nuru ya macho ya baba yake itarudi. Nilijua muuguzi atasema nini. Nikamwambia tutamsikia muuguzi.

Chai ikamiminwa. Mzee akamwambia Mama aiombee. Nikafikiri, sasa ndiyo hapa, sasa atasema nini. Mama akaomba kwa lugha ya mama yake, kisha akakumbuka mwenye nyumba haielewi, akarudi kwenye Kiswahili. Alimsalimu Mungu. Akamwambia tumefika salama na barabara ilikuwa na ukungu. Akamshukuru kwa viazi vya watu wa hapa, kwa chai, kwa binti anayemtunza baba yake, na kwa rafiki yake wa benchi ambaye hajamfukuza. Akasema amina.

Mzee alingoja. "Na macho?" akauliza.

"Hayo anayajua," Mama akasema.

Mimi sikusema amina. Nilikuwa bado nimefumba macho. Mimi, niliyecheka mpaka nikakaa sakafuni, niliyekesha nikiwapangia matusi watu wa miujiza, nilikuwa naomba muujiza kwa meno yaliyobanana. Mmoja tu, mdogo, si wa uwanjani, hata usionekane na mtu. Umpe Mzee tundu lake la sindano. Niliomba mpaka masikio yakavuma, na nilipofungua macho Mzee alikuwa ananyoosha mkono kutafuta kikombe, na mkono ukapita kando yake, ukaenda mbali kwenye meza tupu.

Mama aliinamisha kichwa, akakizungusha polepole mpaka mkono ule ukaingia kwenye lile duara lake. Akaushika, akaurudisha, akauweka kwenye kikombe.

"Ni moto," akamwambia. "Kunywa pole."